Uzi: Kupeleka andiko la kitabu kwa mchapishaji mdogo wa vitabu vya dini, nilivyokataliwa na nilivyorudi

#1 Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Bwana asifiwe kwa wa upande wangu, asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu maana hii mada inawahusu na nyie vilevile.

Mwezi uliopita kuna watu walikuwa wanaulizana humu, ukishamaliza PhD ya theolojia au historia ya dini ile tasnifu unaifanyia nini, inakaa tu kabatini au? Nikaahidi kuja kueleza yangu ilivyogeuka kitabu, nikachelewa, mara mitihani ya wanafunzi, mara msiba nyumbani. Leo nimekaa, nashusha yote ninayoyajua, mnivumilie ni ndefu.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Biblia, kwetu Muleba. Tasnifu yangu ilihusu wanawake wa Uamsho, wale tunaowaita walokole. Kwa ambao hawajui, Uamsho ni lile vuguvugu la watu kuokoka ndani ya makanisa, ulianzia Gahini kule Rwanda pamoja na Uganda miaka ya 1930, ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka hiyohiyo, na mpaka leo ukienda msibani Uhayani utasikia Tukutendereza Yesu inaimbwa kwa Kiganda chake kilekile. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani (1977 mpaka 1984), alikuwa mtu wa Uamsho. Vitabu vipo, ila ukivisoma ni maaskofu, wamisionari na wainjilisti wanaume, wale kina mama waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji utawakuta kwenye tanbihi tu. Mi nikakaa nao. Nilirekodi wazee 31, wengine washatangulia mbele za haki.

Sasa nilipomaliza kutetea tasnifu nikaona kazi imeisha. Nikatafuta mtandaoni nikakuta nyumba moja ndogo ya ng'ambo inayotoa vitabu vya historia ya kanisa (sitaitaja jina, naomba msinifuate pm kuniuliza). Nikaambatanisha tasnifu nzima, kurasa 340, na barua ya mistari mitatu: Mheshimiwa, naambatanisha kazi yangu kwa ajili ya kuchapishwa, Mungu awabariki. Nikasubiri saa sita usiku bando la usiku liingie, nikatuma, nikalala na amani kabisa.

Wiki sita kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa mistari minne. Wanashukuru, mada wameipenda, ila nilichowatumia ni tasnifu na wao wanapokea andiko (book proposal, maelezo ya kuombea kitabu kichapishwe) kwa fomu iliyopo kwenye tovuti yao, na kwa jinsi kazi ilivyo hawamuoni msomaji wa kitabu hiki ni nani. Basi. Iliniuma jamani, siku mbili sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Ule mstari wa mwisho ndo umenifanya nilete huu uzi. Hawamuoni msomaji. Mimi niliyekaa kwenye vigoda vya wale kina mama miaka mitatu, mtu ananiambia hamuoni msomaji! Nikaisoma tasnifu yangu upya kama vile sijaiandika mimi, na kweli bwana, kurasa 70 za mwanzo nilikuwa naongea na watu wanne tu, msimamizi wangu na watahini watatu.

Kwaiyo ndugu zangu andiko la kitabu sio muhtasari wa tasnifu. Tasnifu unaandika kuonyesha kwamba umesoma, andiko unaandika kumwambia mtu asiyekujua kwamba kuna watu wengine wasiokujua watatoa hela yao wanunue hiki kitabu, na atakayekisoma atafaidi nini. Na hawa wachapishaji wadogo sio kwamba wana roho mbaya. Ofisi nzima unakuta ina watu wanne watano, mhariri huyohuyo ndo anajibu barua pepe, ndo anafuatilia kiwanda cha kuchapa, ndo anabeba maboksi kwenda kupanga meza kwenye makongamano. Wanatoa vitabu vichache kwa mwaka, kimoja kikidoda kinakula nafasi ya mwingine. Wengi siku hizi hawarundiki mzigo stoo, wanachapa kwa oda, lakini kuhariri, kupanga kurasa na kutengeneza jalada ni gharama ileile hata wakiuza nakala hamsini.

Fomu zao zinafanana sana. Watataka jina la kitabu, maelezo ya aya moja mbili, yaliyomo na muhtasari wa kila sura, vitabu vinavyokaribiana na chako, wasomaji, idadi ya maneno, picha na ramani ngapi, lini utakabidhi, sehemu gani ilishatoka kwenye jarida, wasifu wako, na sura moja au mbili za mfano. Hapo kwenye majarida usifiche kitu. Kama sura ya nne ilishatoka kwenye jarida fulani sema, utaomba ruhusa kwa jarida na mambo yataenda, ila wakiigundua wenyewe ushaharibu.

Nataka nikae kwenye ile aya ya kwanza kwa sababu ndo inasomwa kweli. Yangu ya zamani ilikuwa hivi:

"Utafiti huu unachunguza nafasi ya wanawake katika Uamsho wa Afrika Mashariki kwa kutumia mbinu ya historia simulizi, ukilenga kuziba pengo la kitaaluma lililopo."

Niliyoandika mara ya pili:

"Wanawake wa Uhaya walioingia Uamsho walifanya mambo ambayo hakuna aliyewapa ruhusa kuyafanya. Walisimama mbele ya watu wakaungama, wakahubiri, wakasafiri kwa miguu na kulala kwenye nyumba zisizo za ukoo wao. Kitabu hiki kinaeleza waliwezaje, kwa maneno yao wenyewe."

Utafiti ni uleule, ushahidi uleule. Ya pili niliiandika jikoni nikiwa namsimulia mdogo wangu anayeuza duka la dawa na hajawahi kusoma theolojia hata siku moja, akaacha kuosha vyombo akaniuliza "waume zao walisemaje?" Nikajua hiyo ndo aya, na hilo swali lake likawa sura ya tatu.

Kwenye vitabu vinavyokaribiana watu wengi wanaandika "hakuna kitabu kama hiki". Usiandike hivyo. Mhariri anaelewa mawili, ama hujasoma ama hiyo mada haina wateja. Mi nilitaja vitano. Nilianza na utafiti wa Askofu Kibira mwenyewe uliotoka Lund, Sweden, 1974 kuhusu kanisa na ukoo Buhaya, nikaeleza kwa heshima unafika wapi, halafu nikasema changu kinaanzia pale anapoishia: yeye anatupa ukoo na kanisa, mimi naingia ndani ya nyumba, kwa mke aliyeokoka wakati mume bado. Mistari minne kwa kila kitabu inatosha, na usimponde mtu, hiyo dunia ni ndogo sana, huyo unayemponda ndo atatumiwa kazi yako aihakiki.

Napumzika kidogo, ulizeni.

#2

Dada umenigusa. Tasnifu yangu ina miaka minne kwenye flashi. Swali, uliwalipa shilingi ngapi? Maana mimi napata barua pepe kila wiki kutoka Ulaya, "mpendwa daktari tumeiona tasnifu yako kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, tunaomba kuichapisha bure". Nikawa nataka kukubali.

#3 Mleta mada

Kaka usikubali kwanza, subiri. Hizo nilizipata mimi pia na mwenzangu ofisini alikubali. Bure ni kweli bure. Wanaichukua pdf yako ilivyo, hakuna anayeisoma, hakuna anayekurekebishia hata koma, wanabandika jalada lenye picha ya jua linazama, kinawekwa mtandaoni kwa bei ambayo hata chuo chako hakiwezi kununua. Mwenzangu alipoomba kupandishwa daraja kamati ikamuuliza kitabu kilihakikiwa na nani, hakuwa na jibu. Na haki alishasaini, akija mchapishaji wa maana anaambiwa hiki si kimeshatoka?

Mchapishaji wa kweli ana bodi ya wahariri ambao majina yao unayaona na unaweza kuwatafuta vyuoni kwao, anakupeleka kwa wahakiki, na anaweza kukukataa. Hiyo ya kukukataa iangalie sana. Anayemkubali kila mtu huyo anatafuta idadi.

Hela sasa. Nilipotuma mara ya pili nikakubaliwa, sikulipa kuchapishiwa, ila faharasa nilitengeneza mwenyewe (usiku kucha wiki mbili) na lugha nilitafuta mtu wa kuninyooshea Kiingereza kwa hela yangu. Kuna nyumba za heshima kabisa zinaomba mwandishi achangie au anunue nakala kadhaa, hilo peke yake sio utapeli, la msingi waseme mapema na liwe kwenye mkataba. Ukiona hela inatajwa kabla hata kazi haijasomwa, kimbia.

#4

Wakuu mi nimekuwa nikifuatilia hizi nyumba kwa muda, naweka nilizozijua ili watu wasianze gizani. Langham wana mfululizo maalum wa tasnifu za watu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na wana HippoBooks kwa ajili ya waandishi na wasomaji wa Kiafrika. Regnum wapo Oxford, umisheni na Ukristo wa dunia. Pickwick ipo chini ya Wipf and Stock pale Eugene, Oregon. Kwa majirani kuna Mzuni Press Mzuzu, Malawi, ukisoma orodha yao utashangaa historia za makanisa ya Kiafrika zilivyojaa, na nje vinauzwa kupitia African Books Collective. Nairobi kuna Acton ya Profesa Jesse Mugambi. Na kama kazi yako ni ya Biblia moja kwa moja, SBL (Society of Biblical Literature, chama cha wasomi wa Biblia) wana mfululizo unaoitwa International Voices in Biblical Studies, mtu yeyote anashusha pdf bure, kwa mwanafunzi wa Kiafrika hiyo ni baraka kubwa.

Soma orodha ya vitabu vyao vya miaka mitatu ya karibuni kabla ya kutuma. Mimi niliwahi kumpelekea mtu kazi ya liturujia kumbe hajatoa kitabu cha liturujia tangu aanze.

#5 Mleta mada

Mkuu hapo juu Mungu akubariki. Hiyo ya kusoma orodha yao wekeni kichwani, mi kwenye barua ya pili nilitaja vitabu vyao viwili nilivyovisoma na kueleza changu kitakaa karibu na vipi. Na barua nikamwandikia mhariri kwa jina lake, limo kwenye tovuti, mambo ya Mheshimiwa niliyaacha.

#6

Assalamu alaykum. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni juu ya darsa za msikiti wa Riyadha Lamu, ule wa Habib Saleh, na vitabu walivyokuwa wakisomesha. Dada je, haya ya wachapishaji wa Kikristo yanatufaa na sisi? Na je, picha za hati za kale niziombe wapi ruhusa?

#7 Mleta mada

Waalaykum salaam ustadh. Yanafaa, fomu ni ileile. Ila kwa upande wa nani wa kumpelekea wenye ujuzi wa huko wakusaidie zaidi yangu.

#8

Ustadh wa Mombasa, nikujibu mimi. Kwa Kiingereza waangalie Kube, wako Markfield, Leicestershire kule Uingereza. Nairobi wapo Islamic Foundation, ndio waliotoa tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy 1969, japokuwa kazi yako naona ni ya kitaaluma zaidi. Hati za Riyadha zilipigwa picha kwa mradi wa British Library wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, kwa hiyo picha utazikuta mtandaoni, lakini usiridhike na kuombea London tu. Nenda Lamu, kaa na wenyewe msikitini, waeleze kitabu chako kinasema nini na ni ukurasa upi utatoa. Zile ni karatasi za wazee wao. Andiko lako likisema ruhusa ya wenyewe ipo mkononi, mhariri anapumua.

Jambo la pili, Kiarabu kwa herufi za Kilatini. Chagua mfumo mmoja, uutaje kwenye andiko, na sura ya mfano iufuate mwanzo mpaka mwisho. Mimi kazi yangu ilirudishwa kwa sababu ukurasa mmoja niliandika tafsir, wa pili tafsiri, wa tatu tafsīr. Mhakiki akasema kama neno hili limemshinda nitaaminije mengine? Yalikuwa maneno makali lakini alikuwa na haki.

#9

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mimi ni mtawa, naongezea kwa wenzangu Wakatoliki maana nililiona mwishoni likanichelewesha miezi saba. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 832, mtawa akiandika kitabu kinachohusu dini au maadili anahitaji pia ruhusa ya mkubwa wake wa shirika. Anzeni kuiomba mnapoandika andiko, msisubiri mkataba. Mkubwa wangu alikuwa safarini, aliporudi ikabidi ampate sista wa kuisoma kazi kwanza, na mchapishaji muda wote huo anauliza vipi.

#10

Milele amina sista. Mleta mada hujamaliza, wahakiki walisemaje? Na Biblia ulinukuu toleo gani, nasikia kuna mambo ya haki hapo.

#11 Mleta mada

Amina sista, hiyo sikuijua kabisa, asante.

Wahakiki sasa. Andiko la pili lilikuwa kurasa tisa, na sura mbili za mfano nikaziambatanisha pembeni. Mhariri akajibu baada ya siku kumi na mbili kwamba anataka kazi nzima. Kazi nzima ilikuwa maneno 118,000, fomu yao inasema wanapenda isizidi 90,000. Nikakaa miezi mitano kuchinja. Sura ya mapitio ya machapisho iliondoka yote, sura ya mbinu za utafiti ikabaki kurasa sita nyuma kama kiambatisho. Nikafika 84,000.

Ikaenda kwa wahakiki wawili, majina yao siyajui mpaka leo, ikakaa miezi minne. Wa kwanza alikuwa mpole, kurasa mbili. Wa pili aliandika kurasa sita, na nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi ananichukia. Alisema habari za Gahini na wamisionari nimezirudia kama zilivyo kwenye vitabu vya wengine, aya zaidi ya ishirini ambazo msomaji anazijua tayari, na sauti za wanawake zinaanza ukurasa wa 61. Akaandika, nafasiri, waanze wao wanawake, Gahini itakuja, wenyewe wakiitaja.

Sikujibu siku hiyo. Nawasihi msijibu siku hiyohiyo. Nilikaa na ile ripoti wiki nzima, nikaiprinti steshenari, nikapigia mstari kila hoja, halafu nikatengeneza jedwali: hoja, nilichofanya, ukurasa. Hoja 27, nilizikubali 22. Tano nilikataa na nikaeleza kwa nini kwa adabu. Mfano alitaka nitafsiri jina walokole kila linapotokea, nikasema hapana, linaelezwa mara moja mwanzoni, baada ya hapo msomaji ajifunze, kama sisi tulivyojifunza majina ya Kijerumani ya wamisionari wa Bethel, ile misheni ya Ujerumani. Mhariri alikuwa upande wangu kwenye hilo.

Ila ile ya ukurasa wa 61 alisema kweli tupu. Kitabu sasa kinaanza na mama mmoja anatoka nyumbani alfajiri na ndizi mbivu kwenye kitenge.

Biblia: nilinukuu Union Version ya 1952 kwa sababu ndo wale kina mama walikuwa wanaisoma, wengine wanaijua kwa moyo. Haki ziko kwa vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya, hivyo tamko la haki lazima liwepo ukurasa wa mwanzo, na ukinukuu sana waandikie. Picha mbili za zamani zilitoka kwenye kumbukumbu za misheni kule Wuppertal, Ujerumani, ambako mafaili ya Bethel yamehifadhiwa. Kwenye andiko niliandika wazi picha mbili, mwenye haki huyu, naomba ruhusa tarehe fulani. Na fomu za ridhaa za wazee wangu, kuna waliosaini kwa dole gumba. Kwenye tasnifu walikubali habari zao zitumike kwa masomo, kitabu kinauzwa, sio kitu kilekile, ikabidi nirudi nyumba kwa nyumba. Kwa waliofariki nikaongea na watoto. Mtoto mmoja alikataa na nikamtoa mama yake, ingawa ndo alikuwa na simulizi nzuri kuliko zote.

#12

Pole na hongera dada. Lakini mimi niseme ukweli wangu, hivi kwa nini tunahangaika na hawa wa ng'ambo? Tuna Central Tanganyika Press Dodoma, tuna Wabenediktini Ndanda na Peramiho, tuna Soma Biblia ya Kilutheri. Kitabu cha kina mama wa Muleba kiende kuchapwa kwa Kiingereza mbali huko, kiuzwe kwa dola, mtu wa Muleba atakinunua vipi?

#13

Naunga mkono #12. ISBN yenyewe, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inapatikana hapa Bodi ya Huduma za Maktaba, zile zinazoanza na 978-9976 au 978-9987. Mtu anachapa mwenyewe Dar anauza.

#14 Mleta mada

Kaka #12 umeniuliza swali ambalo mtu mwingine alishaniuliza kabla yako, na ndo sababu ya mimi kuandika huu uzi, nikaona nikianza nalo mtadhani nalalamika.

Nilipokuwa narudi kuomba ridhaa upya nilifika kwa bibi mmoja, ana miaka zaidi ya 90. Ana daftari lake la jalada la kaki, nyimbo za Uamsho kaandika kwa mkono kwa penseli, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Nikamweleza kuna watu wa nje wanataka kutoa kitabu na jina lake litakuwemo. Akafurahi, akashukuru. Halafu akauliza kwa Kihaya, kitakuwa kwa lugha gani? Nikamwambia Kiingereza. Akanyamaza, akalifunga lile daftari taratibu akaliweka mapajani, akasema, basi mtatuambia kilichoandikwa.

Nilirudi na hayo maneno kwenye basi mpaka Bukoba mjini.

Mkataba ulikuwa bado haujasainiwa. Nikausoma upya, kumbe kuna kipengele kinasema mchapishaji anachukua haki za lugha zote duniani kote. Wengi tunasaini hapo bila kusoma kwa sababu tuna furaha. Nikamwandikia mhariri barua ya kurasa moja na nusu, nikamwomba mambo mawili tu. La kwanza, haki za Kiswahili na Kihaya zibaki kwangu. La pili, nipewe ruhusa ya kuchapisha toleo la bei nafuu kwa Afrika Mashariki baada ya muda fulani. Niliogopa sana, nikawa nawaza watafutilia mbali kila kitu. Alijibu siku ya tatu. La kwanza wamekubali bila sharti, kasema wao hawana uwezo wa kuuza Kiswahili hata wakiwa na hiyo haki. La pili wakasema baada ya miezi 18, na jina lao litajwe.

Hapo ndo nawaambia wanaotaka kutuma: hayo mambo yasemeni kwenye andiko lenyewe, kwenye sehemu ya wasomaji. Mi sikuyasema nikaja kuyaomba kwa woga mwishoni, kumbe mwenzangu mmoja aliyaandika tangu mwanzo kwamba msomaji wa pili wa kitabu hiki ni washarika wa dayosisi fulani na watahitaji toleo la Kiswahili litakalochapwa nchini, na mchapishaji wake alilipenda hilo kwa sababu lilionyesha kitabu kina watu wanaokisubiri. Wachapishaji wakubwa wana wanasheria na mikataba isiyogusika. Mdogo unaongea na mtu. Hiyo ndo faida yake, itumieni.

Kuhusu nyumbani, sibishani na wewe kaka. Kiingereza nilikihitaji kwa sababu mbili, chuoni wanauliza uhakiki, na mimi nilitaka wale wanaofundisha Uamsho Ulaya na Marekani wakutane na haya majina, wasiendelee kufundisha wanaume watupu. Ila kitabu cha Kiswahili kinachapwa hapahapa Tanzania, nishaongea na mchapishaji, na kwao pia nilipeleka andiko. Kurasa tano. Walitaka vilevile, msomaji ni nani, bei gani atamudu, kitauzwa wapi. Nikajibu mikutano ya Uamsho, sharika, na wanafunzi wa vyuo vya Biblia, nikapiga hesabu ya kurasa 160 ili bei isipande.

#15

Dada hapo kwenye haki za lugha umenifumbua macho, nina mkataba mezani hapa natakiwa kusaini Ijumaa. Nimeufungua sasa hivi kipengele cha nne, ndo hichohicho, lugha zote.

#16 Mleta mada

Usisaini Ijumaa. Mwandikie kesho asubuhi, kwa heshima, kwa ufupi, taja lugha kwa majina. Usiandike "haki za tafsiri" kwa ujumla, andika Kiswahili na lugha ya kwenu. Niandikie pm nikupe barua yangu uone nilivyopanga maneno.

#17

Na tafsiri imefika wapi mleta mada? Yule bibi yupo?

#18 Mleta mada

Yupo, Mungu ni mwema. Mwezi wa kwanza nilimpelekea sura ya tano ya Kiswahili, ile inayomhusu, macho hayaoni vizuri nikamsomea barazani, wajukuu wamekaa pembeni. Alikuwa anasikiliza kafumba macho nikadhani kalala. Nilipofika kwenye safari yao ya kwenda Kamachumu akanishika mkono. Akasema huyo uliyemtaja sie aliyekuwa na mimi, huyo alibaki na mtoto mgonjwa, niliyeenda naye ni dada yake mdogo, na ndiye aliyebeba chakula.

Nilisikiliza sauti ya kanda yangu usiku uleule. Alishalisema mara ya kwanza, mimi ndo sikusikia vizuri, majina yanafanana. Toleo la Kiingereza limeshatoka na jina la dada mkubwa, nimemwandikia mhariri wakichapa tena warekebishe. La Kiswahili bado liko kwangu, ukurasa wa 94, jina nimeshalibadilisha.